Kuokota Kuna Bei

Ijumaa baada ya isha Shekue hushusha mlango wa mabati
wa karakana yake ya baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
na meza ya kuzibia pancha ikageuka ufalme.
Mito ni chaki. Askari ni nati.
Jitu la darajani ni kengele kuukuu ya Foniksi,
nasi twaliogopa kweli, watu wazima na ndevu zetu.

Mwanakombo ndiye mwamuzi.
Mchana hupima mchele dukani kwa baba yake,
usiku hupima majeraha kwa mkono uleule,
hapunguzi, hazidishi.
Sheria kaziandika katika kaunta buku,
na hii, kwa kuwa tulizoea kuisahau makusudi,
aliitia vina:

        Kuangusha ni bure tu, kuokota kuna bei,
        Ukiinamia kitu, adui hakungojei,
        Teke dogo la kiatu, kikenda hakirejei,
        Ndiyo kanuni ya kwetu, dadu haipendelei.

Sasa sikiliza yaliyomkuta Mhina.
Shujaa wake ana mikono miwili mizima.
Nalitaja hilo kwa sababu Mhina mwenyewe,
tangu ule mkanda wa kiwandani, Pongwe,
vidole viwili vya kulia havijui moto wala barafu.
Jitu likampiga shujaa kifundo cha mkono. Dadu ikasema moja.
Upanga chini.

"Naokota," akasema, mbiombio, kama aliyedondosha noti sokoni.
"Okota. Na zamu yako ndiyo imekwisha,
na jitu liko pua kwa pua nawe."
"Kuinama tu?"
"Kuinama tu."

Batuli, anayesomea uuguzi Bombo, akaingilia:
kisu cha mpasuaji kikianguka hakiokotwi,
unanyoosha mkono, unapewa kingine.
Jambia si unalo kiunoni?
Mhina hakutaka jambia. Aliutaka uleule.

Akarusha dadu ya kukwepa.
Ikagonga kengele, jitu likalia ting,
ikatoka mezani, ikabingirika hadi chini ya pipa la grisi.
Dadu ya sakafuni haihesabiwi:
hiyo ni sheria kongwe kuliko kaunta buku.
Sote tukataka kuinama. Mwanakombo akainua kiganja.

Mhina akapiga magoti.
Akapapasa kwa mkono wa kulia, ndiyo, huohuo,
kati ya gololi na vumbi la raba,
akaishika, ikamponyoka,
akaishika.
Zamu moja kitabuni ni sekunde sita.
Ile sijui ilikuwa ngapi.
Hakuna aliyempiga.

Aliinuka na grisi mpaka kwenye kiwiko, akarusha upya:
tatu.
Jitu likautia upanga teke, ukazama mtoni,
na Mwanakombo akaufuta karatasini kwa raba ya penseli,
taratibu, bila kumtazama mtu.

Ijumaa iliyofuata Mhina kaja na karatasi mpya.
Upanga, mmoja, wa kuazima.
Chini yake, kwa mwandiko wa kushoto uliolala kama nyasi:
kamba ya katani, dhiraa moja, toka mpini hadi kifundo.
"Ukidondoka nauvuta. Siinami."

Mwanakombo akafunua kaunta buku, mbele, nyuma,
akitafuta sheria ya mtu aliyejifunga na silaha yake.
Haikuwapo.
"Je, kuvuta," Shekue akauliza, "nako kuna bei?"

Akalamba kidole, akafika kwenye ukurasa mweupe,
akaandika juu kabisa: Kamba,
akapiga mstari.
Mpaka tunainua mlango wa mabati usiku ule
chini ya mstari hapakuwa na kitu.